Mkoba Nilioichagulia Kamera ya Baba

Kosa langu la kwanza katika kazi ya picha nililifanya kabla sijapiga picha hata moja. Nilichagua mkoba. Nilikuwa mtoto bado, sauti haijavunjika, na niliuchagua kwa uangalifu ambao sijui kama nimewahi kuutumia tena kwa jambo lolote. Hilo ndilo linalonisumbua. Kosa la uzembe mtu hulijutia akaliacha, lakini kosa la uangalifu hajui alishike wapi.

Ninaandika haya kwa wenzangu wa rika langu, tuliosoma chuo kimoja cha Kurani hapa Kasongo, ambao siku hizi wananijia na kamera ndogo za dukani wakiuliza waziwekee mfuko gani, na mkanda uwe mrefu au mfupi. Wananiuliza kwa kuwa wanajua kazi hii nimejifundisha mwenyewe, na mtu aliyejifundisha mwenyewe hupenda kuulizwa. Lakini swali hilo likija, nasikia harufu ya ngozi ya mbuzi iliyopakwa mawese, ngozi mpya ambayo haijakaa juani vya kutosha, na nikishaisikia siwezi kutoa jibu fupi. Nageukia kazi yangu, wao wanadhani naringa.

Baba alikuwa muuza nguo. Duka letu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, si mbali na msikiti, na wakati wa pamba, watu wa mashambani wanapokuwa na kitu mkononi, alipakia majora ya nguo kwenye baiskeli akaenda kuyauza njia ya Kabambare, na karatasi yake ya ruhusa ya kusafiri, ya serikali ya Wabelgiji, akiwa ameikunja ndani ya kofia. Kamera aliachiwa na Mreno mmoja aliyekuwa anafunga duka arudi kwao. Ilikuwa ndogo, ya kukunja. Ukiibonyeza pembeni uso wake unatoka mbele, umeshikwa na ngozi nyeusi yenye mikunjo kama mivukuto ya mhunzi. Ukiifunga inakaa kwenye kiganja. Mfuko wake wa asili ulikuwa umeliwa na mchwa, kikabaki kishikizo tu. Baba aliifunga kwenye kitambaa cha shati kuukuu na kuiweka juu ya kabati, na sisi watoto tulikatazwa kuisogelea. Aliniambia kwamba ikifunguliwa mahali penye jua, watu wote waliomo ndani watafutika.

Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Watu wamo ndani. Watafutika.

Salamu za Shangazi Mwamini zilikuja kwa mdomo wa dereva wa kamyo, lori la kubeba pamba. Shangazi alikuwa mdogo wake Baba, ameolewa kijijini karibu na Kabambare na mkulima mmoja Mubangubangu, mtu wa kabila la huko, aitwaye Feruzi, mtu mrefu, mwenye maneno, ambaye kila akija kwetu alimtania Baba kwamba amemwoza dada mchoyo wa chumvi. Sasa Feruzi alikuwa mgonjwa. Dereva alisimama mlangoni, akasema kama alivyoagizwa na Shangazi, ambaye kaka humwita yaya na kamera huiita apareye: "Mama anasema, yaya, uje na apareye ya foto. Feruzi angali anaweza kukaa kwa kiti." Kisha akacheka kidogo. "Na Feruzi mwenyewe anasema, shemeji asikuje kumukata kichwa kwa foto. Aanzie kwa kofia, ashuke."

Baba alicheka na dereva, lakini alipoingia ndani hakucheka. Baadaye sana ndipo nilipojua kilichokuwa kinajulikana na wakubwa wote. Feruzi alikuwa hawezi kupona. Waliomtazama hospitali walimwambia Shangazi, Shangazi akamwambia Baba, na mgonjwa akaambiwa ni homa ya tumbo, itaisha mvua zikikatika. Shangazi alikuwa na mimba. Alitaka mtoto atakayezaliwa apate kumwona baba yake, hata kama ni kwenye karatasi. Ile picha ilikuwa kwa ajili hiyo, haikuwa na kazi nyingine. Mimi niliambiwa tu kwamba tunakwenda kumpiga picha shemeji yake Baba, na kwamba kamera haiwezi kusafiri ndani ya shati.

"Amisi," Baba aliniambia, "wewe unayechambua punje za wali moja moja mpaka mama yako analia, nitafutie kitu cha kuibebea. Chagua wewe. Mimi nina kazi ya majora."

Sidhani alijua alichokifungua. Nilikuwa mtoto wa kuogopa. Nilitawadha na kurudia kutawadha kwa wasiwasi kwamba kisigino hakikupata maji. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia achague, hatalala vizuri mpaka amechagua, na akishachagua hatalala vizuri kwa sababu amechagua. Nilianza kwa kujaribu vitu. Nilichukua yai, nikalitia ndani ya kopo la biskuti, nikalifunga kopo kwa kamba na kukimbia nalo mpaka sokoni na kurudi. Yai likapasuka. Nikajaribu kikapu cha ukili. Yai likapona, lakini nilipokipitisha juu ya unga wa muhogo uliokuwa unapepetwa, kilirudi kimejaa unga ndani. Mama alinifukuza kwa mwiko. Watoto wa jirani walinifuata nyuma wakiimba kwamba nimezaa yai, nimezaa yai, na sasa natafuta mbeleko.

Mkanda ulinisumbua kuliko mfuko. Watu wengi walifungia mizigo yao kwa mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, lakini mpira unavutika, mzigo unaruka, na kanzu inabaki na mstari mweusi. Katani inakwaruza shingo. Jirani yetu aliyewahi kuwa askari alinipa kwa moyo mzuri mfuko wake wa turubai, wa kijeshi, mkanda mpana, mgumu kuchanika. Yai lilikaa humo kama limelala. Kwa haki, huo ndio uliokuwa jibu. Leo mtu akiniuliza bila harufu ya ngozi kuniingia puani, nitamwambia atafute mfuko wa namna hiyo. Lakini mkanda wake ulikuwa mrefu, na nilipouvaa, mfuko ulishuka ukanipiga kwenye paja.

Hapo ndipo chuo kiliponiingia kichwani. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba msahafu haushuki chini ya kitovu. Aliyeubeba akauachia ukaning'inia kwenye nyonga alichapwa. Hauguswi na mtu asiye na udhu, hauwekwi chini, haufunguliwi hovyo. Na kamera je? Haifunguliwi hovyo. Haiguswi na kila mtu. Ndani yake wamo watu. Nilikaa nikayalinganisha hayo, nikaona jinsi yanavyokwenda pamoja. Hakuna aliyekuwa amenieleza, nilikuwa nimegundua mwenyewe, na nilijiona nimewapita wakubwa. Kamera ilitaka mkoba wa msahafu.

Mikoba hiyo mnaikumbuka. Ngozi ya mbuzi iliyotiwa rangi nyekundu, kifuniko chenye ncha tatu, mkanda mfupi wa kusuka ili mkoba ukae kwapani, karibu na moyo. Kila mtoto aliyehitimu Kurani alivalishwa mkoba huo. Alipakwa manukato, akavikwa kanzu mpya, akabebwa mabegani na wajomba zake, akazungushwa mji mzima kwa nyimbo za kasida, wanawake wanamrushia mchele. Nilikuwa nimeuona hapo tu. Kwangu mkoba mwekundu ulikuwa na maana ya ngoma, na wali wa nyama, na mama wa mtoto analia kwa furaha. Na nikiri pia kwamba nilitaka kuuvaa. Kuhitimu kwangu kulikuwa mbali bado, na huenda wasiwasi wangu ungenifanya nisihitimu kamwe, kwa kuwa nilikuwa narudia kila aya kwa hofu ya herufi moja.

Fundi aliyeishona alikuwa Sumaili, mtengeneza makubadhi, kijana mwenye ulimi. Alikuwa amekaa na wanafunzi wake mbele ya kibanda, amebana kiatu kati ya magoti.

"Nataka mkoba kama wa msahafu," nilimwambia.

"Nani amehitimu? Wewe? Jana tu nimesikia unakwama kwa juzuu ya Amma kama punda kwa daraja."

"Si wa msahafu. Ni wa apareye ya Baba."

Akaacha kushona. "Apareye inasoma?"

"Inashika watu ndani."

"Hata jela inashika watu ndani, mutoto. Na hakuna mutu amekuja hapa kuishonea mkoba."

Wanafunzi wake walicheka mpaka mmoja akadondosha sindano. Mimi sikucheka. Nilimtolea kipande cha mti nilichokichonga kwa kipimo cha kamera, nikamweleza kwamba ndani ashone flaneli, kwamba kifuniko kifike chini kabisa vumbi lisipite, kwamba mkanda uwe mfupi, wa kukaa kwapani.

"Baba yako anajua?"

"Amesema nichague mimi."

"Haya. Mwenye mali njo mwenye mkoba, ndiye yeye," akasema, akapokea kipande cha mti na kukinusa kama wanavyonusa samaki, ili wanafunzi wacheke tena.

Alishona vizuri. Siwezi kusema vinginevyo. Kishikizo alikitengeneza kwa sarafu ya zamani yenye tundu katikati. Niliujaribu kwa yai, kwa unga, kwa maji ya kunyunyiza. Nilipompelekea Baba, aliugeuza mbele na nyuma, akapitisha kidole juu ya kifuniko chenye ncha tatu. Nilingoja. "Kazi nzuri," akasema. Halafu akaitia kamera ndani, akachukua shuka akauviringisha wote pamoja na mkanda wake, akaufunga juu ya majora.

"Vumbi," akasema.

Niliumia. Nilikuwa nimekwisha kuupima kwa unga. Nilitaka kumweleza, lakini alikuwa amegeuka kukaza kamba.

Tuliondoka na jua la asubuhi, yeye akiendesha na mimi nimekaa juu ya majora, na kwenye vilima tukishuka na kusukuma. Tulilala kwa watu njiani. Kila jioni nilitaka kuufunua mkoba niukague, na kila jioni Baba alisema acha, vumbi. Kulikuwa na vumbi kweli. Wanavijiji walikuwa barabarani wanafyeka na kujaza mashimo, na Baba akawasalimia kila kundi, akawauliza habari za pamba, akawatania. Simkumbuki kama alikuwa na huzuni. Namkumbuka mgongo wake, shati limeshika jasho, na mimi nyuma nikifikiria mkanda.

Tulipokaribia kijiji cha Shangazi tulifika kwenye kijito. Hapo gurudumu la nyuma lilitoboka. Baba akageuza baiskeli juu chini, akatoa kiraka chake, akaniambia, "Tangulia. Waambie tunakuja, wamweke tayari mgonjwa kabla jua halijashuka. Na apareye uichukue wewe, isije ikaangukia maji."

Ningeweza kuichukua ndani ya shuka. Sikuichukua ndani ya shuka. Nilishuka kwenye kijito, nikatawadha, nikarudia mguu wa kushoto. Nilifunua mkoba, nikaufuta, nikauvaa mkanda bega la kulia, mkoba ukakaa kwapani kushoto, karibu na moyo, kama unavyotakiwa. Nikapanda njia ya kijiji nikitembea polepole, kama wanavyotembea wanaohitimu wakishashushwa mabegani. Baba alikuwa ameinama juu ya gurudumu. Sijui kama aliniona.

Uani kwa Shangazi walikuwa wamejitayarisha. Shuka jeupe limetundikwa kwenye ukuta. Kiti kimewekwa mbele yake, na Feruzi amekaa juu yake, amevaa koti lake la rangi ya majivu, amevikwa shati lililofungwa mpaka juu, ndevu zimenyolewa, kofia ipo juu ya goti. Koti lilikuwa limemzidi. Lilikuwa limekaa kwenye kiti, na yeye amekaa ndani yake. Shangazi alikuwa anampangusa mabega kwa kiganja kilicholowa maji. Watoto wao wameogeshwa, wamepangwa mstari. Zaina, mkubwa wao, alikuwa ameshika ua. Majirani wamesimama pembeni kwa sababu hakuna aliyekuwa ameona mtu akipigwa picha. Feruzi alikuwa anasema jambo la kuchekesha, nilisikia watu wakicheka kabla sijatokeza.

Nilisema, "Salaam aleikum."

Kicheko kilikatika. Mama mmoja mzee alivuta kitambaa chake akafunika kichwa. Mkono wa Shangazi ulibaki juu ya bega la koti. Feruzi hakunitazama usoni. Alitazama kwapani kwangu, kisha akatazama njia niliyotoka, kama mtu anayengoja kuona nani mwingine anafuata.

"Umetoka Kasongo na huo?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Nani amekutuma uulete?"

"Baba. Anakuja nyuma."

Akatikisa kichwa taratibu. "Njo maana," akasema. Hakusema kwa hasira. "Njo maana leo mumeninyoa ndevu."

Akaishika kofia, akainuka peke yake, akaiweka juu ya kiti, akaingia nyumbani akijishika ukutani. Hakuna aliyemgusa. Na mimi nilisimama pale nimeunyoosha mgongo, nikiwa na hakika kwamba amekwenda kutawadha.

Katika mji wetu mkoba mwekundu ulikuwa na kazi mbili, na watoto tulionyeshwa moja tu. Mtu akiwa anakata roho, mwalimu aliitwa, akaja na mkoba kwapani amsomee Yasin. Na mtoto hakuruhusiwa kukaribia nyumba ile. Kasongo, angalau, mkoba ulipita kwa njia zote mbili, na mtu aliyeuona hakuwa na budi kutazama kama kuna kasida au hakuna. Lakini kijijini kwa Feruzi hapakuwa na chuo, hapakuwa na mtoto aliyehitimu, na msahafu uliletwa kutoka mbali kwa jambo moja tu. Walikuwa wameuona ukija kwa baba yake Feruzi. Walikuwa wameuona ukija kwa kaka yake. Haya nimeyajua baadaye, kwa kuyaokota huku na huku, kwa sababu hakuna aliyenikalisha chini akanieleza.

Shangazi alinijia akaushika mkanda. Nilidhani atanipiga. Aliupitisha juu ya kichwa changu kwa upole, kama anamvua mtoto nguo, akafungua kishikizo, akatazama ndani.

"Ni apareye, Shangazi," nilisema.

"Naona," akasema, akaingia nao ndani.

Ukuta ulikuwa wa udongo na fito, maneno yalipita. "Baba Zaina. Tazama. Iko apareye ndani. Iko ile ya foto."

"Mimi nimeuona mkoba."

"Mutoto hajui kitu. Amejivalia."

"Mutoto ameletwa na wenye kujua."

"Tazama basi kwa macho yako."

"Mama Zaina, hata mukitoa kuku ndani yake, mimi nimeuona mkoba."

Baba alipofika anasukuma baiskeli, aliona kiti na kofia juu yake, aliona watu wamenyamaza, akaniona mimi sina kitu kwapani. Alikaa muda mrefu akiiegemeza baiskeli ukutani. Ilikuwa imesimama vizuri, na yeye bado anairekebisha. Kisha akaenda kwenye mlango akachuchumaa kizingitini. Mimi nilimfuata kwa sababu sikujua mahali pengine pa kusimama. Feruzi alikuwa amelala juu ya mkeka, ubavuni, uso kwenye ukuta, na koti lake.

"Shemeji," Baba akasema, "jua linashuka."

"Lishuke."

"Tulikuja kwa foto. Naapa, tulikuja kwa foto tu."

"Foto ya nini, shemeji? Mutu anayepona mvua zikikatika, foto yake si ingengoja mvua zikatike?"

Baba akavua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

"Wewe na mimi tumetaniana tangu siku nilipokuja kumuposa huyu," Feruzi akasema kwa ukuta. "Ungeniambia hata kwa utani. Ningecheka, lakini ningejua."

Niliwahi kufikiri kwamba niliupeleka uongo ndani ya ile nyumba. Sivyo. Nyumba ilikuwa na uongo wake tayari, ulioshonwa na watu waliompenda, na mkoba wangu ulisema kweli. Haukuwa umetumwa kuisema.

Shangazi aliitoa kamera kwenye mkoba, akamkabidhi Baba. "Piga," akamwambia Baba.

"Humu giza, Mwamini. Filamu haitashika kitu. Na amegeuka."

"Piga hivyo alivyo. Mtoto atapata alichoachiwa."

Basi wakaondoa jamvi la mlangoni, na mwanga ukaingia ukalala juu ya mgongo wa lile koti. Baba alikipindua kinu cha Shangazi, akaiweka kamera juu ya kitako chake, akaifungua, mivukuto ikatoka. Alisema kwa sauti ya kazi, sauti aliyokuwa akiwapimia watu nguo, "Shemeji, itachukua muda kidogo. Usitikisike."

"Nitikisike niende wapi," Feruzi akasema.

Shangazi alikaa miguuni pake, akaweka mkono juu ya nyayo zake. Baba akabonyeza na kushikilia. Nilikuwa nimerudishiwa mkoba mtupu, nimeushika kwa mkanda, na ninakumbuka nilikuwa natazama mshono. Fundi alikuwa amepitisha uzi mara mbili kwenye kona. Niliona hilo na nikaridhika nalo. Sikusikia aibu, wala huzuni, wala hofu ambayo nilikuwa nayo kila siku kwa ajili ya visigino. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi: unajua ni wako, unaugusa, haujibu. Jioni nilikula wali. Watoto wa Shangazi waliniomba waushike mkoba, nikawapa, wakauvaa kwa zamu.

Feruzi alikufa kabla filamu haijarudi kutoka Kindu, ambako Baba alikuwa akizituma zikasafishwe. Dereva yuleyule ndiye aliyetuletea habari. Baba alifunga duka mchana, akakaa ndani. Picha zilipokuja, alizifungulia mlangoni kwenye mwanga, akazitazama moja moja, na ile moja akaitazama zaidi. Nami nimeitazama mara nyingi tangu hapo, na kwa kazi yangu ya leo naweza kusema kwamba hakuna picha nyingine ya Baba iliyotoka hivyo. Kila kitu kimekaa wazi: ukili wa mkeka, shingo iliyonyolewa, uzi uliolegea kwenye ukosi wa koti. Yeye hakutikisika hata kidogo. Mkono wa Shangazi tu ndio umekuwa kama moshi.

Shangazi alikuja Kasongo eda ilipokwisha, mtoto mgongoni, msichana. Baba alimpa picha akatoka nje kwa kisingizio cha mteja. Shangazi aliishika kwa ncha za vidole. Nilikuwa namtazama usoni nikitafuta kitu cha kunipa adhabu, sikukipata.

"Ni yeye," akasema. "Hata kwa mgongo ni yeye."

Akaifunga kwenye ncha ya kanga yake. Miaka iliyofuata nilipokwenda kwake niliikuta imebandikwa ukutani, upande ambao mvua haifiki, na yule msichana, alipoanza kusema, alikuwa akiwaonyesha wageni. "Huyu ni baba yangu," alisema. "Alikuwa ametukasirikia." Aliambiwa hivyo na mama yake, na aliisema bila uzito, kama mtoto mwingine anavyosema baba yangu ni mrefu. Wageni walicheka. Mimi nilikunywa maji niliyopewa.

Baba hakuwahi kunigombeza. Siku moja tu, tukiwa dukani tunakunja nguo, alisema bila kunitazama, "Nilipaswa kukwambia. Nikafikiri shuka linatosha." Tuliendelea kukunja. Mkoba alimpa mwalimu wa chuo, ukatiwa msahafu, na ukawa unafanya kazi yake. Niliuona ukizungushwa mjini kwa kasida mwaka ule. Na kwa mara ya kwanza nilianza kuuona pia ukipita asubuhi, kwapani, haraka, bila kasida yoyote, na watu wakiupisha njia.

Nilipokua nikairithi kamera, nikajifundisha kwa kuharibu filamu nyingi. Njia ya Kabambare naipita mimi sasa, na pale pamba inapovunwa watu wananiita uani kwao kama walivyokuwa wakimwita Baba. Bado nina wasiwasi, bado narudia mambo, bado sijui kulia pale watu wengine wanapolia. Lililobadilika ni hili. Nikiitwa kumpiga picha mgonjwa, nasimama nje kwanza, namuuliza aliyeniita mgonjwa ameambiwa nini. Kama hajaambiwa, siingii mpaka aambiwe.